Chungu cha Matema kilichopasukia Mbeya: kosa lilikuwa la nani?

Dada yangu alinunua vyungu viwili kwenye soko la Lyulilo, Matema, kando ya Ziwa Nyasa, Jumamosi moja ya mwezi wa nane. Vyote vilitoka kwa mama mmoja, rundo moja, ukubwa mmoja. Kimoja alimpelekea mama mkwe wake Tukuyu, na mpaka naandika haya kinapika maharage. Cha pili alikwenda nacho kwake Mbeya mjini, akakibandika jikoni, na siku hiyohiyo ya kwanza kikapasuka kabla chakula hakijaiva. Alichosema ndicho ninachokisikia kwa watu wengi wakishatoka ziwani na mizigo: "Wamenipiga. Wageni wanauziwa vibovu."

Sikukubaliana naye, na hadi leo sikubaliani. Lakini kumwambia mtu ambaye mboga yake imemwagikia jiko kwamba wafinyanzi wa Kikisi ni mafundi wa siku nyingi hakumsaidii kitu. Nikaamua kukifuatilia kisa chenyewe kutoka kwenye udongo mpaka jikoni, kwa sababu vyungu viwili pacha vilivyoishia tofauti ni ushahidi adimu. Sokoni nilikuwepo. Jikoni sikuwepo, ila nilifika jioni ileile na kukuta vigae bado viko kwenye beseni.

Matema na watu wake wawili

Matema iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilaya ya Kyela. Upande mmoja kuna bonde tambarare la Kyela, lenye mvua nyingi kupita karibu sehemu zote za Tanzania, ambako mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inamwaga maji yake ziwani. Upande wa pili Milima ya Livingstone inashuka karibu wima hadi majini. Ukisimama ufukweni unaiona tofauti hiyo kwa kugeuza shingo tu, na ukiielewa umeielewa biashara ya mji mzima. Bondeni kuna mpunga, migomba na kakao, na wenyeji wake ni Wanyakyusa. Chini ya milima wako Wakisi, ambao ardhi yao ya kulima ni vipande vyembamba vilivyobanwa kati ya mwamba na maji. Walichonacho ni ziwa la kuvua na udongo wa kufinyanga. Tangu zamani walipakia vyungu kwenye mitumbwi, wakaja navyo kwa wenye chakula, wakarudi na chakula.

Soko la Lyulilo, mwendo wa miguu kutoka Matema ukifuata ufukwe, limetokana na mabadilishano hayo. Siku yake ni Jumamosi. Vyungu vinakuja kwa maji kutoka Ikombe na vijiji vingine vya mwambao ule, vinashushwa na kupangwa mchangani, na wachuuzi wanaviondoa kwa mamia kwenda Kyela, Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Anayepanga safari yake ili afike Jumapili atakuta ufukwe mzuri, maji safi na samaki, lakini soko la vyungu hatalikuta. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu watu wengi hupanga safari ya Matema kwa kuangalia likizo yao, halafu wanarudi wakilalamika kwamba "hakuna kitu cha kununua kule".

Kufinyanga ni kazi ya wanawake. Chungu cha Kikisi huundwa kwa mkono, bila gurudumu, kuta zake ni nyembamba kuliko mgeni anavyotarajia, na hupambwa kwa udongo mweupe na mwekundu kabla ya kuchomwa. Huchomwa nje, kwenye moto wa wazi. Jambo hilo la mwisho ndilo linalobeba kisa chetu. Moto wa wazi hufikia joto la kati ya nyuzi 600 na 900 hivi, wakati vyombo vya kauri vya kiwandani hupita nyuzi 1,000 kwa mbali. Matokeo yake ni chombo chenye vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo ndivyo vinavyofanya maji ya mtungini yawe baridi, kwa kuwa maji kidogo yanapenya na kukauka nje yakiondoka na joto. Kwenye chungu cha kupikia, ndivyo vinavyoruhusu udongo utanuke na kusinyaa juu ya moto bila ufa mdogo kukimbia mpaka mwisho. Lakini vitundu hivyohivyo hunywa maji, na maji yaliyonaswa ndani ya ukuta yakipashwa joto ghafla hugeuka mvuke unaotafuta pa kutokea.

Mchele ulioulizwa maswali

Tuliingia Ijumaa tukitokea Mbeya, tukashuka Tukuyu, tukaacha barabara ya Kyela pale Kikusya na kushika njia ya Ipinda. Ipinda tulisimama kununua mchele, na hapa dada alinifurahisha. Alichota gao moja la mchele, akaunusa, akazitafuna punje mbili tatu. Akauliza kama ni mpya au wa msimu uliopita, kwa sababu mpya ukiuwekea maji ya kawaida unakuwa bokoboko. Akauliza umetoka shamba la upande gani, na kama haujachanganywa. Swali hilo la mwisho si la uchokozi: mchele wa Kyela una jina kubwa nchi nzima kwa harufu yake, na kwa hiyo kuna michele mingi inayovaa jina hilo ambayo haijawahi kuiona Kyela. Muuzaji hakukasirika hata kidogo. Alifungua gunia la pili, akaeleza, akamwambia apunguze maji kidogo. Dada akaondoka na kilo zake pamoja na maelekezo ya kuzipikia.

Usiku tulikula mbasa. Ni samaki wa ziwa hili, mwembamba, mwenye rangi ya fedha, anayepanda mito wakati wa kuzaliana, na tabia hiyo imemponza, kwa sababu anayetega nyavu mdomoni mwa mto anawapata wakiwa njiani kwenda kuzaa. Mbasa wamepungua sana. Ukimkuta mezani mle kwa heshima, na ukiletewa wadogo wadogo uliza dagaa badala yake. Dagaa wa Nyasa waliokaangwa wakakauka, na ndizi za kuchemsha pembeni, ni mlo ambao mimi siubadilishi na kitu.

Mbasa wetu alipikwa kwenye chungu. Mpishi alikuwa mama wa makamo, na mimi nilikaa karibu na moto kwa kuwa nje kulikuwa na upepo. Aliweka kitunguu, nyanya, samaki na maji, vyote pamoja, chungu kikiwa bado cha baridi. Ndipo akasogeza vijinga viwili tu katikati ya mafiga. Moto aliuongeza baadaye, baada ya mchuzi kuanza kutokota pembeni. Alipotaka kuongeza maji aliyachota kwenye sufuria lililokuwa likipata joto kando ya moto, akayamimina kidogokidogo ukingoni. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Dada alikuwa akisifia mchuzi, na ulistahili kusifiwa: samaki hakuvunjika, na ule utamu wa moshi na udongo hauigwi na sufuria la alumini. Hapo ndipo alipoamua kwamba lazima aondoke na chungu.

Sokoni

Jumamosi tulichelewa. Chai ilikuwa ndefu, watoto walitaka kuogelea, na tulipofika Lyulilo wachuuzi walikuwa wameshafunga sehemu kubwa ya mizigo yao kwa majani makavu ya migomba. Kulikuwa na upepo wa kusini wa msimu ule, na wenye mitumbwi walitaka kugeuza mapema kabla mawimbi hayajawa makubwa. Mama tuliyemkuta alikuwa amebakiwa na rundo dogo.

Dada alimsalimia vizuri, "Ugonile, mama," akaitikiwa. Akachagua vyungu viwili kwa macho, kwa urembo wake. Kisha ukaja mjadala wa bei, ambao kwa maoni yangu ulikuwa mrefu kuliko ulivyostahili, kwa sababu hata bei ya kwanza ilikuwa chini ya bei ya sufuria la kawaida. Baada ya kukubaliana, mama yule akachukua chungu kimoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole karibu na sikio la dada. Kililia kama kengele. Akagonga cha pili, kikalia vilevile. Akauliza:

"Unapikia kuni, mwanangu?"

"Gesi, mama."

Alinyamaza kidogo, akakigeuza chungu na kuweka kiganja chake chote kitakoni. Alifungua mdomo. Wakati huohuo shemeji alikuwa ameshawasha gari na anaita, tusije tukaingia Tukuyu usiku. Dada akahesabu noti, akashukuru, "Ndaga, mama," tukaondoka.

Tukuyu tulisimama kidogo sana. Shemeji alishuka na chungu kimoja, akamsalimu mama yake, akaomba radhi kwa haraka, na gari halikuzimwa. Bibi alikipokea chungu kwa mikono miwili, akauliza, "Na hicho kingine mnakwenda kukifanya nini mjini?" Tulicheka wote na kumwambia atakuja kula.

Jikoni

Kwa wiki nzima chungu kilikaa juu ya kabati kama pambo. Jumamosi usiku dada alikiosha kwa sabuni, akakisuuza, akakifunika kifudifudi kwenye sinki. Jumapili baada ya kanisani alikibandika kwenye jiko la gesi, moto mkubwa, akatia mafuta, yakapata moto, akatia kitunguu. Kikakaanga vizuri. Akatia nyanya. Zilipoanza kushika chini, akachukua jagi la maji kwenye friji na kumimina katikati. Alisikia mlio mmoja, mkavu. Mchuzi ukaanza kutoka chini.

Wapishi wazoefu wa vyungu wameshaelewa. Lakini tusikimbilie jikoni moja kwa moja, kwa sababu kulikuwa na tuhuma mbili za maana na dada alistahili kujibiwa.

Ya kwanza: chungu hakikuiva kwa mfinyanzi. Alinionyesha kigae, na kweli katikati ya ukuta palikuwa na mstari mweusi, nje na ndani pakiwa na rangi ya kahawia. "Ona, ndani ni kibichi." Hoja hii inasikika ina nguvu, lakini sivyo udongo unavyofanya kazi. Udongo wa mfinyanzi una mabaki ya mimea ndani yake. Kwenye moto wa wazi, unaowaka kwa muda mfupi, mabaki yaliyo karibu na nje yanaungua yakaisha, na ya katikati yanabaki kaa. Mstari mweusi hupatikana kwenye vyungu vizima kabisa vilivyochomwa nje, popote duniani. Kipimo cha ubichi ni kingine: tia kigae majini. Udongo ambao haukuiva hulainika na kurudi kuwa tope. Nililaza vigae viwili kwenye ndoo usiku kucha, na asubuhi vilikuwa vigumu vilevile, maji yakiwa safi. Tena kuna ile sauti ya sokoni. Chungu chenye ufa au kisichoiva hakilii vile, kinatoa mlio mzito uliokufa. Na mwezi wa nane ni kiangazi, vyungu vinapata muda wa kukauka sawasawa kabla ya kuchomwa. Ingekuwa mwezi wa nne, katikati ya masika ya Kyela, ningesita zaidi kumtetea fundi.

Tuhuma ya pili ilikuwa yangu zaidi kuliko yake: safari. Vyungu viwili vilitoka Matema vimebanana kwa majani ya migomba, hakuna kilichoweza kucheza. Tukuyu kimoja kilitolewa, na hakuna aliyekumbuka kujaza nafasi iliyoachwa. Kutoka pale hadi Mbeya, kupanda na kushuka kandokando ya milima, chungu cha dada kilisafiri kikiwa huru karibu na mkungu wa ndizi. Ufa mwembamba ungeweza kuingia hapo. Nilichunguza kingo za vigae vyote kwa tochi. Ufa wa zamani huonekana, kwa sababu maji ya sabuni na vumbi huingia na kuacha alama kwenye kingo. Kingo zote zilikuwa safi, rangi mpya tupu. Siwezi kuapa kwamba barabara haikukidhoofisha chungu kile kabisa, lakini kama ilichangia, ilichangia kidogo.

Ufa wenyewe ulikuwa na maelezo ya kutosha. Kitakoni ulizunguka nusu duara, na nilipoweka kigae juu ya jiko, nusu duara ile ilikaa juu ya duara la miale ya gesi karibu sawasawa. Kutoka hapo ilitoka mistari miwili ikipanda ukutani. Maana yake sehemu moja ya kitako ilikuwa ya moto sana na sehemu iliyoizunguka haikuwa hivyo. Kuni na mkaa hukumbatia chungu, miali inazunguka kitako chote na kupanda mbavuni, joto linasambaa. Gesi hupiga mahali pamoja. Ongeza kwamba chungu kilikuwa kikavu ndani, mafuta tu, bila maji ya kupunguza joto la kitako. Ongeza maji ya kuoshea ya usiku uliotangulia, ambayo kuta zilikuwa bado zimeyanywa. Kukausha kwa usiku mmoja juu ya sinki, mdomo ukiwa chini, hakutoshi. Halafu maji ya friji. Udongo wa ndani ukasinyaa ghafla, wa nje ukabaki umetanuka, na chungu ambacho hakijawahi kuandaliwa hakikuwa na namna ya kustahimili.

Nimesema "kuandaliwa" kwa sababu hapo ndipo pacha wake wa Tukuyu alipopita njia nyingine. Niliporudi kumtembelea bibi nilimwomba anieleze alichofanya, naye alishangaa kwamba ni jambo la kuulizwa. Alikijaza chungu maji na kukiacha mpaka vipovu vikaisha kutoka ukutani. Akakimwaga, akakianika kivulini siku kadhaa. Kisha akapikia uji mwepesi, mafiga yakiwa na moto mdogo, akauacha uji upoe humohumo mpaka asubuhi, akaumwaga. Ule wanga wa uji huingia kwenye vitundu na kuviziba kiasi. Mwishoni akakipaka mafuta ndani. Baada ya hapo alipika maharage, kitu chenye maji mengi na moto wa taratibu. Hakuna fundi aliyemfundisha. Alivikuta vyungu nyumbani kwa mama yake.

Kwa nini hakuna aliyesema

Hapa ndipo kisa kinaponigusa. Maarifa yote yaliyohitajika kukiokoa chungu kile yalikuwepo njiani. Mpishi wa Matema aliyaonyesha kwa mikono yake mbele ya macho yetu. Mfinyanzi aliyagusia kwa swali moja. Bibi alikuwa nayo mlangoni kwake, gari likiunguruma. Dada, aliyeuliza maswali lukuki kuhusu mchele, hakuuliza hata moja kuhusu chungu. Nadhani sababu ni kwamba mchele aliuona kuwa chakula na chungu akakiona kuwa kumbukumbu ya safari.

Lakini kwa upande wa mwuzaji pia kuna jambo. Nilirudi Lyulilo Jumamosi nyingine, mapema, nikamtafuta yule mama nikampata. Nilimweleza kwamba kimoja kati ya vyungu vyake kimepasuka. Kabla sijamaliza akauliza kama kilimwagiwa maji ya baridi. Nikamwambia ndiyo, kwenye gesi, mara ya kwanza. Alitikisa kichwa bila hasira na kusema kwamba aliona, siku ile, kuwa dada hajui. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia. Jibu lake nimelifikiria sana tangu hapo: wanunuzi wake karibu wote ni wachuuzi na akina mama wa bondeni, watu ambao ukianza kuwaeleza namna ya kutumia chungu watakuona unawadharau. Na mgeni wa mjini, akasema, ukimfundisha anafikiri unamkawiza ili abadili bei.

Kwa hiyo soko la Lyulilo halina ujanja dhidi ya wageni. Ni soko lililojengwa kwa ajili ya watu wanaojua tayari. Kwa vizazi vingi chungu cha Kikisi kiliuzwa kwenye nyumba ambayo ndani yake kuna bibi wa kukiandaa, na bei yake haikuhitaji kubeba maelezo. Mgeni anayepikia gesi ni mteja mpya, na bado hakuna aliyepewa kazi ya kumwambia yale ambayo wenzake wanazaliwa nayo. Mwenye nyumba ya wageni anaweza kuyasema wakati wa chai ya Jumamosi. Kijana anayempeleka mtu Ikombe kwa mtumbwi anaweza kuyasema njiani. Ningependa pia karatasi ndogo ya Kiswahili, yenye mistari minne, iingizwe ndani ya kila chungu kinachouzwa kwa msafiri. Mchuuzi anayeviuza Mbeya angefaidika nayo vilevile, maana kila chungu kinachopasuka mjini kinazaa mtu anayewaambia wengine kwamba vya Matema ni vibovu.

Jambo ambalo sikulijua na mama yule alinionyesha bila kuombwa: vyungu vya rundo lake havikuwa vya aina moja ya kazi, ingawa vilifanana. Vile vyenye mdomo mpana na kitako cha mviringo mzuri ni vya kupikia. Vyenye shingo ni vya maji. Na kuna vile vyenye kitako kilichobapwa kidogo ili visimame mezani, hivyo hununuliwa zaidi kwa maua na mapambo, na kona ya kitako kilichobapwa ndipo moto unapokiumiza chungu kwanza. Vyungu vya dada vilikuwa vya kupikia kweli. Angeweza kwa bahati mbaya kuchukua vya maua, na hapo hata uji wa bibi usingetosha.

Nilimnunulia dada kingine palepale, kwa bei aliyoitaja mwenyewe. Safari hii kilipita Tukuyu na kubaki huko mpaka bibi alipokimaliza kukiandaa, kisha kikaenda Mbeya kimebanwa kwa majani pande zote. Dada sasa anakipikia kwenye jiko la mkaa nyuma ya nyumba, na siku za mvua anatumia gesi kwa kuweka bati zito la chuma juu ya miale, moto mdogo kabisa, chakula na maji vikiwa tayari ndani kabla ya kuwasha. Kitunguu anakikaanga kwenye kikaango kwanza, halafu anakihamishia. Birika la maji ya moto liko pembeni. Haoshi kwa sabuni, anasugua kwa maji ya uvuguvugu na majivu kidogo, kisha anakiegemeza ukutani, mdomo ukiangalia upepo. Anachohangaika nacho bado ni harufu: akipika samaki leo, maharage ya kesho yanamkumbuka samaki. Bibi anamwambia dawa ya hilo ni kuwa na vyungu viwili, kila kimoja na kazi yake, kwa hiyo Jumamosi ijayo ya mwisho wa mwezi wanakwenda wote wawili Lyulilo, na safari hii wataondoka Tukuyu alfajiri.